Kulipa Kiingilio, Kusimangwa na Jongoo

Mimi sina ugomvi na miti. Mti ukiwa na kivuli nitakaa chini yake, ukiwa na embe nitaangua, na ukiwa hauna hiki wala kile nitaupisha uendelee na shughuli zake. Ninachogombana nacho ni huu mtindo wa watu wazima kuvaa raba za bei mbaya, kujaza maji chupani, kulipa kiingilio na kwenda kuujulia hali mti, halafu jioni wakirudi mtaani wanatangaza kwamba leo wametembea. Babu yangu alipita katikati ya minazi kila siku ya Mungu na kapu la samaki kichwani. Hakuna aliyemkatia tiketi, hakuna aliyempa ramani, na hakuna aliyempongeza. Aliporudi aliulizwa samaki wameuzwaje.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu Jumamosi moja ya juzijuzi nilikuwa Haller Park, kule Bamburi, kando ya barabara ya Malindi, nimesimama mbele ya jongoo, nikisimangwa.

Chanzo ni karatasi. Binti yangu yuko Gredi ya Tano, na mzazi wa Kenya akisikia hivyo haulizi zaidi, hunipa pole tu. Tangu mtaala wa umilisi uingie madarasani kote nchini mwaka 2019, anayeandikishwa shule ni mtoto lakini anayesoma ni ukoo mzima. Nimeshona mwanasesere wa vitambaa usiku wa manane. Nimebisha hodi kwa majirani nikiomba maganda ya mayai, na kuna mmoja ambaye mpaka leo anaamini nimeingia uganga. Safari hii karatasi ilisema hivi: mwanafunzi, akiandamana na mzazi au mlezi, atembelee mahali palipoharibiwa na binadamu kisha pakatengenezwa, achunguze, aandike, na mzazi ajaze sehemu yake na kutia sahihi. Nikapendekeza barabara ya mtaani kwetu, maana iko karibu na haina kiingilio. Binti yangu akaniwekea kidole penye neno: palipoharibiwa kisha *pakatengenezwa*.

Basi ikawa Bamburi.

Mama mkwe naye akasema atakwenda. Alikuwa amefika kwetu siku chache nyuma, kutusalimia, ila begi alilokuja nalo halikuwa begi la salamu. Mimi nililiona pale mlangoni nikanyamaza, mke wangu aliliona akanyamaza, na begi lenyewe likanyamaza chumbani kwa watoto. Siku hizi mtu haulizi wageni wataondoka lini. Anauliza kama wanataka chai.

Kufunga chakula kuna sheria zake, na sheria zote ziko kichwani mwa binti yangu. Mfuko wa plastiki haushikwi. Ulipigwa marufuku Agosti 2017, na faini yake ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Chupa ya maji ya kutupwa nayo haina ruhusa mbugani, misituni wala ufukweni tangu Juni 2020. "Baba, wataka ukafungwe miaka 4 kwa sababu ya mahamri?" aliniuliza. Sikutaka. Kwa hiyo mahamri yakatiwa kwenye hotipoti, mbaazi za nazi zikatiwa kwenye sufuria, mfuniko ukafungwa kwa leso, na sufuria nikapakatishwa mimi. Matatu za njia ile hazina desturi ya kupunguza mwendo penye tuta. Tulipovuka daraja la Nyali nilikuwa na mbaazi gotini, zimepenya suruali, za moto. Mama mkwe akaniangalia akaniambia nishike vizuri, zitakwisha.

Langoni tulikuta mabasi mawili ya wanafunzi, walimu wana filimbi shingoni, na kijana wa kututembeza akatuunganisha nao kwa kuwa sote tulikuwa na karatasi za kujaza. Kabla hajaanza maelezo yake, mama mkwe alikwisha simama katikati ya njia, mkono kiunoni.

"Mie hapa napajua," akasema. "Hapa ni timboni."

Alikuwa na shangazi yake aliyeishi upande huo, na alipokuwa msichana akija kumtembelea. Anakumbuka baruti ikilia mchana na vikombe vikigongana kabatini. Anakumbuka weupe wa mawe uliokuwa ukiwafanya watu wafumbe macho. "Hapakuwa na jani," akasema. "Hata mbuzi walikuwa hawaji." Kijana akafurahi, maana mama alikuwa amemsomea ukurasa wake wa kwanza. Ni kweli, akasema: kiwanda cha saruji kilianza kazi hapa mwaka 1954, mwamba wa matumbawe ukakatwa, ukasagwa, ukageuka Mombasa. Nyumba nyingi tunazolalia, kuta zake zimetoka kwenye mashimo kama haya. Kilichobaki ni sakafu ya jiwe tupu, isiyo na udongo hata wa kujaza kifuu, na chini yake kidogo tu ni maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 ndipo alipokabidhiwa kazi mtaalamu wa kilimo, René Haller, Mswisi, aoteshe kitu juu ya jiwe hilo.

"Mswisi?" mama mkwe akauliza. "Kwao si hakuna bahari?"

Kijana akakubali kwamba hakuna.

"Ndiye akaja kutuoteshea mvinje sisi?"

Kijana akakubali kwamba ndiye, na kwamba ndiyo maana mahali hapa paitwa kwa jina lake. Mama mkwe akanigeukia mimi, niliyezaliwa mita chache kutoka baharini, na ambaye mmea pekee niliowahi kuwa nao ni msubili wa mke wangu uliokauka. Hakusema neno. Yeye ana vipawa vingi, na kutosema neno ndicho kikubwa.

Walijaribu miti ya aina 26, kijana akaendelea, na zilizosalimika ni tatu. Mmoja ni mti wa kutoka upande wa Usomali. Wa pili ni mnazi, na hapo mama mkwe akaitikia kwa kichwa kama aliyetajiwa jamaa yake. Wa tatu ni mvinje, na mvinje ndio uliofanya kazi. Haujali chumvi, na mizizini mwake kuna vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo mti wajipikia mbolea wenyewe pahali ambapo mwingine angekufa njaa. Wanafunzi wakaandika. Mke wangu akaandika. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria.

Nitasema ukweli, njia za mle ndani ni nzuri, na hilo linanikera, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuzikuta mbaya. Chini ya mivinje kuna uvumi usiokatika hata upepo ukiwa umelala. Juu wanaruka kima, huku tumbili wamekaa kando ya njia wakitukagua hotipoti kwa macho ya watu wa ushuru. Lakini mtu hawezi kufurahia chochote kwa sababu kila hatua kumi kuna elimu. Ukitaka kupumua, kuna ubao. Ukitaka kuegemea mti, mti una jina la Kilatini, na ukiinua kichwa kutazama ndege, mwalimu anapuliza filimbi ili usikie habari za ndege huyo. Zamani mtu alikuwa akiruhusiwa kuwa mjinga siku ya Jumamosi.

Ndipo kijana akainama, akapekua majani makavu, akanyanyuka na jongoo.

Alikuwa mweusi, mnene, miguu myekundu, amejikunja kiganjani. Wanafunzi wakasogea mbele, mimi nikasogea nyuma. Msemo wa jongoo na mtungi kila mtu mzima wa pwani anaujua, na mama mkwe alinitupia jicho ambalo sitalieleza kwa kuwa safu hii inasomwa na watoto. Kijana akasema: mvinje ulipokwisha stawi ilizuka taabu nyingine. Majani yake membamba yakidondoka hayaozi. Yamejaa tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi kwenye chai iliyokolea, hata vijidudu vya kuozesha vinayakwepa. Basi yakalala juu ya jiwe, tabaka juu ya tabaka, makavu vilevile. Na pasipo kuoza hakuna udongo, na pasipo udongo hakuna mti mwingine utakaoota. Haller akawa na msitu uliosimama juu ya takataka zake wenyewe. Mpaka siku alipomwona jongoo mmoja akiyatafuna.

Wakakusanywa majongoo mamia kwa mamia wakaletwa timboni. Jongoo hula jani lililowashinda wengine, na kinachomtoka nyuma ni laini, vijidudu vinamalizia. Udongo ukaanza hivyo, kwa kinyesi cha jongoo, na juu ya udongo huo ndipo ilipoota miti mingine, zikafuata nyasi, wakafuata ndege na wanyama.

Pangeishia hapo ningekwenda nyumbani salama. Lakini mwalimu mmoja akaona nafasi.

"Watoto! Jongoo analipwa shilingi ngapi?"

"Halipwiii!"

"Anaomba likizo?"

"Haombiii!"

"Analalamika?"

Kukawa kimya kidogo, watoto wakifikiri. Katika kimya hicho mke wangu akasema polepole, bila kumtazama mtu yeyote, "Halalamiki." Watoto wakaipokea kwa kishindo: "Halalamikiii!" Na mama mkwe akaitikia "eeeh" ndefu, ya mtu aliyengoja siku nyingi kusikia jambo likisemwa hadharani.

Nilikuwa na majibu. Nilitaka kusema kwamba jongoo hana karo ya kulipa wala mwenye nyumba wa kumkwepa ngazini. Nilitaka kusema kwamba chakula chake chamwangukia kutoka juu, bure, saa zote, na kwamba mimi pia nikiangukiwa na chakula kutoka juu nitajenga msitu. Tena ana miguu mingi kuliko mimi, na hiyo peke yake ni mtaji. Lakini mtu aliyepakata sufuria ya mbaazi hasikilizwi.

Mamba tuliwapita upesi, wamelala vinywa wazi, na nyoka mama mkwe alikataa kuwaona kabisa, akasema nyoka hakuhitaji kumlipia. Kwa twiga ndipo tulipokaa. Kuna jukwaa ambapo mtu anakuwa sawa na kichwa cha twiga, anapewa chakula chao kiganjani, cha vidonge vidogo, na twiga anakuja kukifuata. Ulimi wake, ambao picha hazijawahi kuutendea haki, ni mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, mweusi wa zambarau, na unajisokota wenyewe. Ukikupitia kiganjani unakwaruza kidogo, kisha unaacha ute mzito unaovutika hewani usitake kukatika. Binti yangu alilishwa na furaha kuliko twiga alivyolishwa na vidonge. Mimi nilisimama nyuma, mikono mfukoni, na twiga huyo, mwenye jukwaa zima la watoto waliomnyooshea chakula, akainyoosha shingo juu yao wote, akailamba kofia yangu. Kofia ya vito, ya kushonwa kwa mkono, ya Idi. Iliwahi kuwa nyeupe. Kijana akasema anapenda chumvi. Mwalimu akawaambia watoto waandike.

Tulikula chini ya mti. Mbaazi zilizobaki zilitosha.

Baada ya chakula kijana akatupeleka penye habari ya kobe na kiboko. Habari yenyewe ilizunguka dunia nzima na ikaandikwa kitabu cha watoto, Paula Kahumbu akiwa mmoja wa waandishi wake, lakini mama mkwe alikuwa hajawahi kuisikia, na laiti angebaki hivyo. Desemba 2004, ile tsunami ilipopiga hata pwani yetu, kulikuwa na mtoto wa kiboko aliyeachwa peke yake baharini karibu na Malindi, baada ya Mto Sabaki kuwasukuma viboko hadi kwenye maji ya chumvi. Watu walihangaika naye kwa kamba na nyavu, maana mtoto huyo alikuwa na uzito wa robo tani na hakutaka msaada wa mtu. Akaletwa hapa Haller Park, akapewa jina la mmoja wa waokoaji wake, Owen. Alipofunguliwa tu akakimbilia kwa kobe mkubwa wa Aldabra, wale wa Shelisheli, aliyekadiriwa umri wa miaka 130 hivi na aliyekuwa akiitwa Mzee. Akajificha nyuma yake kama angejificha nyuma ya mama. Mzee mwanzoni hakupendezwa, akawa anasogea mbali naye. Owen akamfuata. Baada ya siku chache wakawa wanakula pamoja, wanaogelea pamoja, wanalala pamoja, kichwa cha huyu juu ya gamba la yule.

Wanafunzi wakasema "oooh". Mke wangu akafuta jicho. Mama mkwe akavuta leso begani, akakohoa kikohozi cha kuandaa hotuba.

"Mwaona?" akasema, lakini aliniona mimi tu. "Kiumbe hana kwao, akapokelewa na asiyekuwa wa kabila lake. Hakuulizwa umekuja na begi kubwa la nini. Hakuulizwa chumba cha watoto kitakuwaje."

"Mama, hakuna aliyeuliza," nikasema.

"Ndiyo nasema. Hakuulizwa."

Nikaona kwamba hapa, nisipojitetea kwa elimu ya mazingira, nimekwisha. Na bahati nzuri kijana alikuwa amemalizia habari yake kwa kusema kwamba Owen alipozidi kukua, ilionekana kukaa na kobe hakumfai tena, akahamishiwa kwa kiboko wa kike aitwaye Cleo ili aishi na wa aina yake. Nikaishika hiyo kwa mikono miwili.

"Lakini Mama," nikasema kwa adabu zote, "baadaye naye alihamishwa. Akatafutiwa mwenzake."

Mama mkwe ni mjane wa miaka mingi. Aliniangalia kwa utulivu mkubwa, akanyoosha leso yake, kisha akasema kwa sauti iliyowafikia walimu wote wawili na dereva wa basi:

"Wanitafutia mume, mkwe wangu?"

Kuna wanafunzi themanini na kitu wa pwani hii ambao, walichokwenda nacho nyumbani siku ile kuhusu uhifadhi wa mazingira, ni hicho. Mmoja, mvulana mwenye pengo, aliinua mkono kuuliza kama hilo nalo liandikwe.

Viboko tulitazama wakilishwa alasiri. Walikula, wakazama. Mimi niliwahusudu kule kuzama.

Ile karatasi niliijaza usiku, mezani, binti yangu amesimama kando yangu na kalamu ya akiba. Sehemu ya mzazi ilitaka mambo matatu niliyojifunza. Nikaandika kwamba jongoo anatengeneza udongo, kwamba mvinje hauogopi chumvi, na la tatu nikaandika kwamba ulimi wa twiga hautoki kwenye kofia hata kwa sabuni ya kipande. Ilirudi baada ya siku kadhaa ikiwa na wino mwekundu: "Mzazi anakaribia matarajio." Anakaribia. Kodi ninalipa, karo ninalipa, kiingilio nimelipa, na bado ninakaribia. Pale palipoandikwa mchango wa mlezi mwingine, ambapo mama mkwe alisimulia habari za timbo na baruti na vikombe vya shangazi yake, na binti akaandika kwa niaba yake, mwalimu aliweka alama mbili za vema na kuomba kama bibi anaweza kwenda shuleni kuzungumza na darasa.

Amekwisha kwenda mara mbili. Kwa kuwa sasa ana wajibu wa kitaaluma mjini, begi limefunguliwa.

Nyumbani kwetu ni gorofa ya tatu, Tudor, baraza yake yatosha kiti kimoja na mtu mmoja. Kiti kilikuwa changu. Sasa pamewekwa ndoo iliyotobolewa matundu, na ndani yake kuna maganda ya ndizi, majani ya chai, makaratasi yaliyolowekwa, na majongoo. Hawakutoka Haller Park. Kule kijana alitukataza kuchukua hata jani, na binti yangu akamtazama kila mmoja wetu mfukoni tulipotoka. Hawa mama mkwe aliwaokota mwenyewe baada ya mvua kwenye shamba la shangazi yake, akaja nao kwenye matatu ndani ya chungu cha kupikia wali. Binti anawapimia chakula. Takataka za nyumba zinachambuliwa mara mbili kwa siku, na mimi nikitupa kitu pasipo chake naitwa kwa jina langu kamili.

Ndoo hiyo haibagui. Mama mkwe anaichanganyia magazeti ya zamani, hukata vipande, hulowesha, huyasambaza juu, na asubuhi huripoti mezani nani kaliwa. Siasa zimekwisha. Kurasa za michezo zimekwisha, pamoja na matangazo ya vifo na ya mashamba. Jana alikuja na kipande kimoja, amekishika kwa ncha ya kijiko, kimelowa lakini kizima, hakina hata alama ya jino, akakiweka kando ya kikombe changu cha chai. Ilikuwa safu yangu ya mwezi uliopita.

"Mwanangu," akasema, kwa upole wa kweli, "hawa ni wadudu waliokula mvinje."